Mama anafunga sanduku la vyakula kwenda Leeds na hasikii la mtu. Nisaidieni kabla halijapanda boti

Bint_Mkomani

Assalam alaykum wana Lamu, wana Malindi, na nyote mlio mbali.

Nina mdogo wangu yuko Leeds, Uingereza, mwaka wa pili sasa anasomea uuguzi. Mama ameamka na jambo lake: sanduku liondoke ili limkute kabla ya Ramadhani. Orodha kaiandika nyuma ya kalenda, naileta kama ilivyo. Achari chupa mbili. Halua kilo mbili. Papa mkavu. Samli ya ng'ombe chupa moja. Mahamri "kama arubaini hivi". Krips za muhogo, mabuyu, gubiti, bizari ya pilau aliyoisaga mwenyewe. Na embe ngowe sita ambazo hazijaiva sawasawa, kwa sababu "zitaivia njiani".

Nilipomwambia baadhi ya vitu hivi havivuki, akanijibu, "Mbona mwaka jana vilifika?"

Hapo ndipo penye tatizo. Mwaka jana havikufika. Kampuni moja ya vifurushi ilichukua pesa zetu, sanduku likapotea wiki nne, na kilichomfikia mdogo wangu ni bizari, gubiti zilizoshikana zikawa jiwe moja, na karatasi ya forodha yenye maelezo kwamba vilivyosalia vimeteketezwa. Chupa ya achari ilikuwa imepasukia ndani, mafuta yameingia kila mahali. Yeye akaona asimvunje mama moyo. Akampigia simu, akamwambia kila kitu kimefika, achari tamu, hadi wenzake wa chuoni ameshawaonjesha. Mama alitembea na habari hiyo mtaa mzima. Ukweli tunaujua mimi na mdogo wangu, na sasa nyinyi.

Basi nina maswali mawili. Kipi kinavuka, na kinafungwa vipi? Na la pili: nimwambieje mama atoe samli bila kumuumbua mdogo wangu?

Mpwani_wa_Malindi

Wa alaykum salaam dada. La pili sina jibu, nina mama kama huyo huyo. La kwanza: toa embe. Toa leo. Embe halivumilii hata safari ya kutoka Mokowe hadi Mombasa ndani ya basi, seuze Uingereza. Likiiva humo linatoa maji, na maji hayo yanaozesha vilivyo jirani. Na watu wa Ulaya wanaogopa nzi wa matunda kuliko wanavyoogopa mwizi. Mimi nina miembe huku, nakumbuka Kenya yenyewe ilijizuia kupeleka embe Ulaya kuanzia 2014 hadi 2021 kwa ajili ya nzi huyo huyo. Wakulima wenye makaratasi walisimama miaka saba, itakuwa embe sita za mama ndani ya boksi la sabuni?

Ila achari mngetuachia sisi wa Malindi. Nyinyi Waamu mnatia siki mpaka jino linauma.

Bint_Mkomani

Achari ya Malindi ni jamu yenye pilipili. Tuendelee.

Karani_Mstaafu

Binti yangu, nimekaa kaunta ya posta miaka mingi, nimeona akina mama wengi wakilia juu ya maboksi. Nitakueleza kwa urefu kidogo, univumilie.

Uingereza, kwa mzigo unaotoka nchi kama yetu, hawataki nyama wala maziwa, wala kilichotengenezwa kwa nyama au maziwa. Samli ya chupa ni maziwa. Haina mjadala hiyo, na usidhani wataitoa samli peke yake wakaacha vingine viende zake. Afisa akifungua akakuta kilichokatazwa, ana haki ya kuzuia mzigo, na kama vitu vimeshachafuana hawezi kukaa akikuchagulia. Inavyoonekana ndivyo ilivyokuwa mwaka jana.

Mkate, biskuti, keki zisizo na krimu mbichi, peremende na vitu vitamu vya namna hiyo wanaruhusu, ila visiwe vimetengenezwa kwa maziwa ambayo hayajasindikwa. Halua ina samli, kweli, lakini samli hiyo imepikwa saa nzima pamoja na sukari na wanga mpaka imekuwa kitu kingine. Mimi ningeituma. Ningeandika wazi kwamba ni kitu kitamu cha sukari, wanga, samli iliyopikwa, iliki na lozi. Anayeficha ndiye anayetiliwa shaka.

Samaki wanaruhusu hadi kilo 20 kwa matumizi ya mtu mwenyewe, na mkavu anakubalika. Lakini papa! Hapa ndipo wengi wanapoingia mtegoni. Mwishoni mwa 2022 nchi zilikutana Panama kwa mkataba wa CITES, wakaingiza karibu jamii nzima ya papa wanaovuliwa huku kwetu katika orodha ya wanyama ambao biashara yao inadhibitiwa. Papa nyundo alikuwamo tangu kabla ya hapo. Kipande chako cha papa kikivuka mpaka kinaulizwa kibali, na mama hana kibali, ana kitoweo. Mwambie atie ng'onda wa changu au wa tafi, au nguru mkavu. Akaushwe kweli kweli, ukimkunja avunjike, asipinde.

Sasa fomu. Usiandike "vyakula" ukanyamaza. Andika kila kitu kwa jina linaloeleweka huko, uzito wake na thamani yake. Achari iandike kuwa ni embe lililohifadhiwa kwa chumvi, siki na mafuta, kwa Kiingereza. Weka alama mahali pa zawadi. Zawadi ya mtu kwa mtu isiyozidi pauni 39 hawaitozi kodi. Ukizidisha, mdogo wako ndiye atakayeandikiwa barua aende akalipe ndipo apewe, na mwanafunzi hana pesa za kukomboa bizari ya mama yake. Nimeona watu wanatia thamani kubwa kwa kujivuna. Thamani ya moyoni haina nafasi kwenye ile fomu.

Kanuni hizi hubadilishwa. Kabla ya kufunga, soma ukurasa wa serikali yao, ni bure.

Mzee_wa_Langoni

Karani amesema vyema. Nami niongeze kwamba watu wa Lamu kutuma vitu ng'ambo hatukuanza jana. Wajerumani walifungua posta hapa hapa mjini mwaka 1888, kwa ajili ya mambo yao na Sultani wa Witu kule bara, wakaifunga 1891. Nyumba yake ni makumbusho hivi sasa, vijana wanapita mbele yake na punda wao hawainui hata mato. Kama barua ilitoka Lamu ikafika Berlin wakati ule kwa meli, halua haishindwi leo.

Lakini la uongo sikubaliani nalo. Kijana amemdanganya mamake, na wewe unatafuta uongo wa pili wa kuuhifadhi wa kwanza.

Bint_Mkomani

Mzee wangu, shikamoo. Hilo limenichoma kwa sababu ni kweli. Lakini ungemwona mama siku ile anasimulia jinsi Wazungu walivyolamba vidole...

Papa lakini! Papa ndiye anayemtaka mdogo wangu mwenyewe. Papa wa nazi.

Mama_Mapacha

Niko Minneapolis mwaka wa kumi na moja huu, kwetu Shela. Nimepokea maboksi yaliyovuja, yaliyonuka, na moja lililofika na chungu walio hai. Nisikilizeni kwenye kufunga, hapo najua.

Chupa ya kioo, kamwe. Chukua kopo la plastiki lenye mfuniko wa kuzungusha, la siagi ya njugu ni zuri sana. Lioshe, likauke juani siku nzima, maana tone moja la maji linaotesha ukungu. Jaza achari ukiishindilia kwa kijiko upepo utoke, halafu mimina mafuta juu mpaka achari ilale chini yake, ila acha nafasi ya kidole. Mafuta yakipata joto yanataka pa kwenda, na sanduku litakaa kwenye jua la Mombasa kabla halijaona ndege. Tandika karatasi ya plastiki ya kufunikia chakula kwenye mdomo wa kopo, ndipo ufunge mfuniko, uzungushe utepe wa gundi mara tatu.

Halafu, msinicheke: pampers. Pampers ya mtoto, mpya, unalivika kopo. Likivuja, pampers inakunywa mafuta yote na bizari haijui kilichotokea. Tangu nijue hilo sijapoteza kitu. Zamani tulitumia mifuko ya nailoni kumi kumi, lakini toka ilipopigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017 dada yangu hana pa kuipata, na pampers imeishinda kwa mbali.

Ng'onda mfunge mara tatu na umweke kwenye kopo lake peke yake, mbali na halua. Halua inanusa kila kitu. Nilikula halua ya ng'onda mwaka 2019, na nilimaliza.

Jambo jingine ni krips. Zile kampuni za kupeleka vifurushi kwa ndege hazipimi kilo tu, zinapima na ukubwa. Wanazidisha urefu kwa upana kwa kimo kwa sentimita, wanagawa kwa 5000. Sanduku la 40 kwa 30 kwa 30 linahesabiwa kilo 7.2 hata kama ndani kuna kilo mbili za krips na hewa. Mama yangu alilipa pesa za mbuzi kunitumia upepo wa Lamu. Krips zitie kwenye matundu yaliyobaki kati ya makopo, zinasaidia na kuzuia yasigongane. Zitavunjika. Vumbi lake linaliwa kwa kijiko.

Kwa walio Marekani kama mimi: chakula kinachoingia kwa posta kwa kawaida kinatakiwa kitangulizwe taarifa kwa FDA, idara yao ya chakula na dawa, lakini kilichopikwa na mtu nyumbani kwake na akakituma mwenyewe kuwa zawadi kwa mtu, hicho kimesamehewa. Kwa hiyo mama andike jina lake yeye, si jina la duka, na andike kwamba kimepikwa nyumbani.

Bint_Mkomani

Pampers nimecheka mpaka mama ameuliza kuna nini. Nimemwambia ni mambo ya mtandaoni.

Kijana_Jeddah

Salaam. Mimi nasema kwa walio na watu Saudia, maana Waamu tuko wengi huku. Bizari ya pilau iangalieni ina nini. Kungumanga Saudia ni marufuku, nzima au ya kusaga. Mama yangu huitia kwenye bizari na kwenye kahawa, ikabidi nimsihi asage nyingine isiyo nayo. Alikasirika. Alisema pilau isiyo na kungumanga ni wali wa rangi.

Na ya pili, samahani nikitoka nje kidogo: mtu akikuletea kifurushi uwanja wa ndege pale Manda, "nisaidie tu umfikishie ndugu yangu", kifungue mbele yake. Miraa tunaiona inashuka kwenye ndege kila siku mpaka tumeizoea kama mchicha, lakini Saudia ni dawa za kulevya, na Uingereza nako imepigwa marufuku tangu Juni 2014. Usibebe usichokijua, hata kama ni cha ami yako.

Mwamu_Bradford

Dada, niko Bradford, Leeds ni hapo tu kwa treni. Ngoja nikwambie kitu ambacho wengi hawakifikirii: huku kuna nini tayari?

Bradford imejaa maduka ya Wapakistani. Samli ipo, makopo kwa makopo. Iliki, mdalasini, bizari nyembamba, mbaazi, tende, tui la kopo, unga wa dengu, vyote vipo, na vingine bei yake haipishani sana na ya huko. Hata achari ipo, lakini ya Kihindi, ina haradali na uchungu fulani, si yetu. Kwa hiyo kila kilo ya samli mnayoilipia ni kilo ya kitu ambacho mdogo wako anaweza kukinunua akitoka darasani.

Hakuna gubiti. Hakuna mabuyu. Hakuna ng'onda, na hakuna mtu anayekaanga muhogo mwembamba vile akaunyunyizia pilipili na ndimu. Halua ya Kiarabu nimeiona London, haina ule mvuto wa kunata. Na bizari ya mama haiuzwi popote. Nilipofika huku mwaka wa kwanza nilikuwa na viungo vyote, kimoja kimoja, na pilau haikutoka. Nikampigia bibi, akaniambia, "Wewe umetia kwa kipimo." Akanitumia robo kilo tu ya bizari yake, ndani ya kopo la maziwa ya unga. Nimeitumia miezi minane. Nikiifungua jikoni, jirani yangu Mpolandi anagonga mlango.

Mahamri arubaini msitume. Yatafika na ukungu wa kijani, ama magumu ya kumpigia mtu. Nakupa njia yangu: mama apime unga, sukari, iliki ya kutwanga na hamira kavu, atie kwenye kopo, aandike juu "kikombe kimoja na nusu cha tui la uvuguvugu", au kipimo chochote anachotumia yeye. Mdogo wako anunue tui la kopo, akande, aache uumuke karibu na jiko la umeme kwa sababu nyumba zetu ni baridi, akaange. Hayatakuwa ya mama. Lakini yatakuwa moto.

Papa wa nazi apike kwa ng'onda. Nilinung'unika mara ya kwanza, ya pili nikazoea.

Mpwani_wa_Malindi

Ng'onda wa nazi si "kuzoea", ni chakula bora kuliko papa. Wacheni dharau.

Mzee_wa_Langoni

Bradford, umesema. Ila kipimo cha mama hakiandikiki juu ya kopo. Mke wangu namuuliza unga kiasi gani, ananionyesha mkono.

Mwamu_Bradford

Ndiyo maana kuna simu ya video, mzee wangu. Bibi ananiambia, "Sogeza simu nione." Anautazama unga kwenye kioo, anasema, "Bado, ongeza." Hajakosea hata siku moja.

Bint_Mkomani

Ndugu zangu, nimerudi, na nina habari.

Jana usiku nilijipa moyo. Nilianza kwa mbali, kama alivyosema Bradford: mama, samli huko ipo dukani, mbona tulipie uzito? Akasema sawa, itoe. Nikashangaa. Nikamwambia na embe je? Akasema nazo zitoe, tutazikata achari. Papa? Akanyamaza kidogo, akasema, "Kuna ng'onda wa tafi amekauka vizuri kwa jua hili la kaskazi, nilishamweka kando."

Nikamwuliza, mama, sasa ile orodha ya kalenda ilikuwa ya nini?

Akaniangalia. Akasema, "Mdogo wako mwaka jana alinambia achari ya embe ilikuwa tamu, na wenzake waliimaliza. Nami nilitia achari ya ndimu, chupa zote mbili."

Wallahi nilikosa la kusema. Mwaka mzima anajua! Nikamwuliza mbona hukusema, na mbona ulitangaza mtaa mzima. Akasema mtoto aliye nti za watu akikuficha njaa yake, huanzi kumsuta kwa simu. Na hao wa mtaa walimwuliza, akawapa jibu alilopewa. Orodha aliiandika makusudi. Alitaka kuona kama mimi nami nitanyamaza mpaka sanduku lipande boti.

Mzee_wa_Langoni

Huyo ni mama.

Karani_Mstaafu

Pauni 39, binti yangu. Usisahau.

Mama_Mapacha

Nimelia na kucheka pamoja hapa kazini. Na mdogo wako ameshaambiwa?

Bint_Mkomani

Hajaambiwa. Mama amekataza.

Sanduku tumelifunga leo alasiri. Ndani mna makopo mawili ya achari, la embe na la ndimu, yote yamevikwa pampers. Mama alizikagua zile pampers akasema ni akili ya kike hiyo, imetoka wapi? Mna halua kilo moja badala ya mbili, ng'onda kwenye kopo lake, bizari nusu kilo, gubiti tumeziviringisha moja moja kwenye karatasi ya kuokea zisishikane, mabuyu, na unga wa mahamri uliopimwa kwa mkono wa mama halafu nikaupima tena kwa kikombe ili tuandike kitu. Krips zimejaa kwenye mianya. Kilo 5.4 kwenye mizani ya duka la chini. Fomu nimejaza kila kitu kimoja kimoja, jumla pauni 31. Mama alitaka kuandika 100.

Kesho asubuhi boti ya kwanza kwenda Mokowe, kisha basi. Safari hii nalifikisha Mombasa mwenyewe.

Bint_Mkomani

Siku kumi na mbili. Limefika, na hakuna kilichovuja. Karatasi ya forodha ipo, imeandikwa limefunguliwa na kukaguliwa, na wamelifunga tena kwa utepe wao.

Alipiga simu ya video mama akiwa jikoni. Alikuwa na kopo la achari mkononi na kijiko mdomoni. Mama akamwuliza, "Tamu?"

Akasema tamu.

"Ya nini hiyo?"

Akatoa kijiko, akalitazama kopo, akanitazama mimi kwenye kioo nyuma ya mama. Kimya. Kisha akasema polepole, "Ya ndimu, mama."

"Haya," mama akasema. "Sogeza simu nione huo unga."

Mpwani_wa_Malindi

Mashallah. Sasa ile ya embe iliyobaki kwenye kopo hapo nyumbani, kuna boti ya kuja Malindi?

Bint_Mkomani

Lete pampers.